Shemasi Aliyekataa Kupitisha Maneno

Shemasi alikuwa mtu wa kuchosha. Kwenye matanga yake watu walisimama mmoja mmoja wakasema alikuwa mpole, alikuwa mnyenyekevu, alikuwa mtu wa maneno machache. Niliposikia hilo la maneno machache ilibidi niiname nijifanye natafuta kiatu. Mimi sikusimama kusema. Si msemaji, na shule yangu iliishia ya msingi. Lakini nilikaa naye chini ya paa moja kule Marshalltown, si mbali na Soweto, kwa miaka mingi kuliko wengi waliosimama, na sipendi azikwe kama mtu mwingine.

Paa hilo lilikuwa la duka moja lililogawanywa kwa mbao. Mbele, upande wa dirisha, mimi nilisuka nywele. Nyuma, penye giza, yeye alitengeneza simu. Watu wote walimwita Shemasi, hata Wasomali wa Mayfair waliomletea simu za wateja wao kwa mifuko. Wao hawakujua shemasi ni nani kanisani. Walidhani ndilo jina lake, naye hakuwasahihisha, ingawa sisi wengine alitusahihisha kwa kila kitu kuanzia namna ya kufunga mlango hadi namna ya kumimina chai.

Juu ya kabati lake palikuwa na sanduku dogo jeusi, ukubwa wa mkate, lenye feni iliyolia mchana kutwa. Sanduku hilo ndilo lililonichosha kuliko mwenyewe, au niseme ndilo lililomfanya yeye achoshe zaidi. Lilikuwa sanduku la bitcoin. Kwa jinsi nilivyokuja kuielewa, hiyo ni pesa isiyoshikika mkononi. Malipo yake yote, tangu lile la kwanza, yameandikwa, na nakala nzima ya maandishi hayo inatunzwa na masanduku ya watu wa kawaida kila pembe ya dunia. Malipo mapya yakifika, sanduku huyakagua, kisha huyapitisha kwa masanduku jirani, mpaka yafungwe pamoja na mengine kwenye fungu moja. Yakishafungwa hayafutiki. Sanduku moja kati ya hayo yote ya dunia lilikuwa juu ya kabati letu, karibu na birika la chai.

Hakuna aliyemlipa kwa kulitunza. Nilipomuuliza faida yake ni nini, alinijibu kwamba mlinzi wa kweli halipwi. Nikamwambia mimi nimewahi kuolewa na mlinzi, na analipwa. Vibaya, lakini analipwa.

Siku moja umeme ulikatwa, kama ulivyozoea, nikiwa na bibi harusi kutoka Soweto kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imelowa. Tulikuwa na betri moja ya kushirikiana dukani, tuliyoichangia sote. Betri hiyo iliweza kubeba mashine yangu ya kukaushia nywele au sanduku lake, si vyote viwili. Nikaenda nyuma kumwomba. Shemasi akanitazama kana kwamba nimemwomba kuzima mshumaa wa altare.

"Mama Neema," akasema, "kichwa kitakauka chenyewe. Mungu aliumba upepo."

Bibi harusi aliposikia nilivyomtafsiria, alisema "Eish, baba" tu, na machozi yakamlengalenga. Basi yule mzee akachana boksi la televisheni, akasimama nyuma ya kiti, akampepea yule binti kichwa mpaka kikakauka chote. Alipepea kwa mikono miwili, jasho likimtoka, na muda wote ule akamweleza habari za sanduku kwa Kiingereza chake kibovu. Yule binti aliondoka na nywele nzuri na uso wa mtu aliyetoka kwenye mtihani. Ndivyo alivyokuwa. Ulimkasirikia, na kabla hujamaliza kukasirika alikuwa ameshakutumikia, nawe ukabaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Kanisani ilikuwa vilevile. Kusanyiko letu la Kiswahili hukutana kwenye ukumbi wa kukodi, Wakongo wengi, Warundi, Wakenya kiasi, Watanzania wachache. Kazi ya Shemasi ilikuwa kupitisha kikapu cha sadaka. Kwetu watu hutia mengi kikapuni: vikaratasi vya maombi, tangazo la harusi, hata picha ya mtoto mgonjwa. Shemasi hakutaka kuona kitu humo ila sadaka. Alisema kikapu si sanduku la posta. Alivitoa vikaratasi palepale mbele ya watu na baada ya ibada akamrudishia kila mmoja chake, kwa mkono, akimweleza kwamba maombi yana mlango wake na sadaka ina mlango wake. Ilitia aibu. Mke wa mchungaji mwenyewe alirudishiwa.

Lakini ili ajue karatasi ni ya nani, ilimlazimu aisome. Na akishaisoma alikuwa anajua. Wiki ile ungemkuta kwenye ngazi za hospitali na chupa ya uji, kwa mtu ambaye Jumapili alimrudishia ombi lake mbele ya kwaya. Hakuona ajabu yoyote katika hilo. Ukimwambia, alijibu "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, na "njo vile" ya Shemasi ilikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Sasa mtu huyu aliyetaka kila kitu kiwe kifupi na kikae mahali pake, yeye mwenyewe matangazo yake ya kanisani yalikuwa marefu kuliko mahubiri. Na nyuma ya duka alikuwa na ndoo za simu zilizokufa, za watu waliozileta wasirudi. Hakutupa hata moja. Nilimwambia panya watazaa humo. Akasema ndani ya hizo simu mna picha za watu, mna sauti za watu, hana ruhusa ya kuzitupa. Nikamuuliza basi mbona kwenye lile sanduku lake hataki picha wala sauti. Akasema hilo ni la malipo. Nikamwambia na hili ni duka la simu, si makaburi ya simu. Akaniambia nina mdomo. Mimi, ninayeweza kusuka kichwa kizima cha mtu bila kusema neno.

Nieleze kwa nini tulimhitaji pamoja na usumbufu wake wote. Wengi wetu tunaishi hapa kwa karatasi ya ukimbizi, na karatasi hiyo ikichelewa kufanywa upya benki hufunga akaunti. Yangu ilifungwa nikiwa bado kwenye foleni. Shemasi ndiye aliyetufundisha kutuma pesa nyumbani kwa njia ya simu zetu, kupitia bitcoin. Mdogo wangu Riziki kule Uvira alizipokea kwenye simu yake na kuzibadilisha kwa wafanyabiashara wa sokoni. Kwa hilo sitamtolea Shemasi neno baya. Mama yangu alikula na kutibiwa kwa sababu yake.

Tatizo lilianza na rambirambi. Kwetu mtu haji msibani na mkono bila mdomo. Unatoa ulicho nacho na unasema: pole, nilimjua marehemu, alinipa maji siku fulani. Pesa iliyokuja kimya ni kama mfupa wa kumtupia mtu. Kwa hiyo tulipoanza kutuma rambirambi kwa njia hiyo, tuliuliza maneno tunayaweka wapi. Ilikuwepo nafasi ndogo, malipo yaliruhusiwa kubeba mstari mmoja mfupi. Shemasi hata huo mstari hakuwahi kuutumia. Alisema piga simu useme pole yako.

Halafu wale mafundi wanaotengeneza programu inayotumiwa na masanduku mengi wakalegeza kile kikomo. Malipo yakaweza kubeba maneno mengi, kurasa, hata picha. Dunia ya watu wa bitcoin ikagawanyika vipande viwili, na nusu ya ugomvi huo, naapa, ulifanyika dukani kwetu. Shemasi aliiondoa ile programu kwenye sanduku lake akaweka nyingine inayoshikilia kikomo cha zamani. Alisikiliza sauti za wenzake wa nchi mbalimbali kwenye simu, kwa nguvu, mimi nikiwa na wateja. Mwanamke amekuja kusukwa apumzike, anasikia Mfaransa anagombana kuhusu herufi.

Mteja wangu mmoja, Wanjiru, Mkenya anayefanya kazi benki, ndiye pekee aliyemweza. Alikuwa anakaa kwenye kiti changu, kichwa amekiinamisha, na anamjibu bila kugeuka.

"Shemasi, mtu akishalipa nauli, kondakta anamuuliza kwenye begi ana nini?"

"Abiria anashuka, binti yangu. Hawa hawashuki. Mi nitawabeba mpaka nife, na atakayerithi sanduku atawabeba."

"Lakini ukiwakataa wewe si watapita kwa jirani? Na wakishafungwa kwenye fungu, si hata sanduku lako litawatunza tu?"

"Litawatunza. Haina mubaya. Lakini mlangoni kwangu hawapiti."

"Huo si ulinzi, Shemasi. Huko ni kununa."

Nilicheka mpaka nikapoteza mstari wa msuko. Yeye hakucheka. Alituambia, na hakusema vibaya, kwamba sanduku lake ni la maskini. Limetengenezwa na vipande vya kompyuta alizookota. Watu wakijaza picha na hadithi kwenye mtandao, siku moja sanduku kama lake halitatosha, na kumbukumbu ya malipo ya dunia nzima itabaki kwenye masanduku ya matajiri peke yao, na hapo tutakuwa tumerudi benki kuomba. Akasema pia kwamba wapo watu wachafu watakaotia picha chafu, naye ni shemasi, hawezi kukubali kuwa kabati la uchafu. Wanjiru akasema watu wachafu walishazipata njia za kuingiza, kikomo au bila kikomo. Ikaendelea hivyo, mteja baada ya mteja. Mimi nilikubaliana na Wanjiru kwa sababu ya rambirambi, na nilikubaliana na Shemasi kwa sababu ya yale masanduku ya maskini, na zaidi ya yote nilitaka wanyamaze wote.

Kisha mama akafa.

Habari ya kifo kwetu haipewi mtu akiwa peke yake. Ndugu wa nyumbani humpigia kwanza jirani wa yule aliye mbali. Jirani huja, hukaa, huuliza kama umekula, ndipo hutamka. Shemasi alikuja kwenye chumba changu kule Yeoville asubuhi, na mkate na maziwa. Kwangu ni ghorofa ya juu, lifti haifanyi kazi, na kila alipowahi kuja alizilalamikia zile ngazi tangu mlangoni hadi wakati wa kuaga. Siku ile alipanda zote asiseme kitu. Nilipomwona amesimama kimya nilijua kuna mtu amekufa, nikabaki kuuliza ni nani.

Alikaa nami siku nzima. Nilimuuliza mama amezikwa wapi, kwa kuwa vita ilikuwa imeshaingia mjini Uvira na niliogopa. Akasema Riziki atanieleza. Riziki alipopiga, aliniambia mama amezikwa makaburi ya kanisa letu, kando ya baba, na kwaya iliimba. Nilishukuru. Karatasi yangu hainiruhusu kurudi nchini nilikokimbia, hata kuzika. Nilichokuwa nacho ni ile sauti ya Riziki na ile kwaya. Ndiyo iliyonipa usingizi.

Haukupita muda nyumba yetu ya Uvira ikaungua na picha zote, na simu ya Riziki ikaporwa njiani akikimbia vita. Nikaingiwa na hofu kwamba hakuna tena mahali popote palipoandikwa kuwa mama yangu aliishi. Nikakumbuka sanduku. Nilitaka mahali pamoja duniani ambapo kiberiti hakifiki. Nikaandika ukurasa. Niliandika jinsi alivyouza ndagala, dagaa wa ziwani, akatusomesha kadiri alivyoweza, jinsi alivyolala na viatu kando ya kitanda kwa sababu ya vita zote zile, jinsi alivyokuwa anatucheka tukilia. Mwishoni nikaandika kwamba amelala Uvira kando ya mume wake na kwaya ilimwimbia. Nikampelekea Shemasi, nikamwomba ayatume yale maneno yakae kwenye kumbukumbu za bitcoin.

Aliusoma mara mbili. Akaweka kidole mwishoni.

"Hapa pa mazishi, patoe."

"Kwa nini?"

"Ni parefu."

Nikamwambia kama anataka kufupisha, aanze na matangazo yake ya Jumapili. Hapo akaanza orodha yake: uzito wa sanduku, maskini wa kesho, watu wachafu, mlango wa malipo na mlango wa maneno. Nilimwambia huyu ni mama yangu, si picha chafu. Akasema anajua. Akasema maneno ya msiba yana nyumba yake, nayo ni matanga. Niyasome mbele ya watu wa kwetu, wamama waliomjua wanikosoe, waongeze, wapunguze. Kule ndani ya bitcoin hakuna mama mkubwa wa kukukosoa, kinachoingia kinabaki kilivyo. Aliposema hivyo alikuwa hanitazami. Alikuwa anafungua simu ya mtu kwa bisibisi, na akaifungua, akaifunga, akaifungua tena.

Niliomba tena mara nyingi. Nilinyamaza naye, na kunyamaza na mtu mnayeshirikiana birika ni kazi. Hakulegea. Mwishowe Wanjiru akasema dada, njoo kwangu. Nikaenda kwake mchana mmoja, nikakaa kando yake, akauingiza ule ukurasa kwa kompyuta yake, ukabebwa na malipo madogo niliyojitumia mwenyewe. Ukapita kwenye masanduku yaliyokubali, ukafungwa kwenye fungu. Kesho yake nikaenda nyuma ya duka nikamwambia Shemasi atazame. Nakubali nilisimama kama mtu aliyeshinda kesi. Akatafuta, akapata.

"Umo," akasema. Akachukua kitambaa akalipangusa sanduku vumbi. Hilo tu. Nilitaka agombe, hakugomba, na hilo nalo likaniudhi.

Baadaye figo zake zikaanza kumsumbua. Akaacha kuja dukani. Sanduku likahamishiwa chumbani kwake Rosettenville, na upande wangu wa duka ukawa na utulivu niliokuwa nimeutamani siku zote, nami sikuupenda.

Hapo ndipo Riziki alipofika kambini upande wa Tanzania, akapata simu, akanitumia sauti ndefu. Alikuwa analia. Alisema mama hakuzikwa Uvira. Walikimbia kwa miguu kufuata ziwa kwenda kusini, mama akaishiwa nguvu walipofika Mboko, akafia hapo. Watu wasiowajua waliwapokea, wakatoa kitambaa, wakachimba kando ya barabara kwa sababu makaburini kulikuwa na askari. Kwaya haikuwepo. Baba hakuwepo. "Tulikuficha, dada," akasema. "Ulikuwa peke yako huko, tuliogopa utaanguka. Shemasi wako alitaka tukuambie, sisi ndio tuliomwapisha."

Niliisikiliza hiyo sauti kwenye kiti changu cha wateja. Kisha nikafunga duka nikaenda Rosettenville.

Nilimkuta amelala, amekuwa mdogo, sanduku liko kwenye kiti kando ya kitanda, feni inalia. Binti yake alinifungulia. Huyo amezaliwa hapa, anaelewa kila neno tunalosema na anajibu kwa Kizulu. Sikukaa. Sikumuuliza hata hali yake, na mimi si mtu wa tabia hiyo.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijapanda ngazi zako. Riziki aliniambia yote, kisha akaniapisha. Mi siwezi kusema uongo na siwezi kuvunja kiapo, sasa ungetaka nifanye nini?"

"Ukaniacha nihangaike na uzito wa sanduku, sijui watu wachafu, sijui maskini wa kesho."

"Yale yote ni kweli."

"Shemasi."

"Ningekukatalia hata kama mama angezikwa Roma," akasema. "Lakini nisingekukatalia kwa ukali ule. Nilikuwa naogopa."

Nilikaa. Nilimwambia sasa jina la mama yangu limefungwa humo na mazishi ambayo hayakuwepo, na halifutiki, na wajukuu wa wajukuu watasoma habari ya kwaya. Nilingoja aseme alinionya. Alikuwa na haki ya kusema. Akasema "Njo vile," nikatamani kumvutia blanketi usoni. Kisha akamwambia binti yake amwinue, akaomba miwani.

Akanieleza kwamba hakiwezi kufutwa kitu, ila kinaweza kuongezwa. Kwamba hata sanduku lake, kwa kikomo kilekile cha zamani anachokishikilia, linaruhusu mstari mmoja mfupi ufuatane na malipo. Hajawahi kuutumia. Lakini lazima yawe malipo kweli, akasema, si kujitumia mwenyewe kama watoto wanaocheza duka. Nikamwambia nataka kuwapelekea kitu wale watu wa Mboko waliochimba, kupitia kwa Riziki, kwa maana njia ilikuwa imefunguka naye Riziki alikuwa amepata mtu wa kwenda huko. Akasema hiyo ni kazi halali ya sanduku.

Ndipo tukaanza kugombana juu ya mstari. Wangu wa kwanza ulikuwa mrefu, akaukata. Nikaweka samahani kwa mama, akaitoa, akasema samahani nimwambie mwenyewe kwa sala. Alitaka kuweka Mboko tu, bila maelezo. Nikakataa. Nilimwambia ataje Uvira pia, la sivyo msomaji hatajua ni kipi kinasahihishwa. Akafikiri, akakubali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunikubalia jambo bila kuongeza lake. Neno la mwisho ndilo lililotuchukua muda. Alisema wale waliozika hawahitaji kutajwa. Nikasema bila wao mama yangu angebaki barabarani, na wao watakaa humo, sanduku lake likipenda lisipende. Akapiga chapa kwa kidole kimoja, akanirudishia simu nisome kwa sauti.

Nikasoma: "Mama alizikwa Mboko, si Uvira. Wageni ndio waliomzika."

"Unaenea," akasema. "Tuma."

Nikatuma. Sanduku lake likaupokea, likaukagua, likaupitisha. Sasa ilibaki kungoja ufungwe kwenye fungu. Nilidhani atasema jambo la kunifariji, au atasali. Akaanza kunifundisha habari za ada, kwamba nimechagua ada kubwa mno, kwamba nimekuwa nikifanya hivyo miaka yote na hakutaka kuniambia mbele ya wateja. Alieleza namna nzuri ya kuchagua ada asubuhi na namna nyingine Jumapili. Nilimsikiliza. Katikati ya sentensi akasinzia, miwani ikiwa bado usoni, na mimi sikumwamsha wala sikuondoka.

Binti yake akaingia na chai. Akatutazama, baba amelala ameketi, mgeni amekodolea macho simu, akaniuliza kwa Kizulu chake tunangoja nini.

Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba tunamzika mama yangu, na kwamba tumekaribia kumaliza.

Akaweka vikombe chini, akavuta kigoda, akaketi nasi.